Chora mimba yako mwenyewe: doti moja, kipande cha kabla na kipande cha baada

Mama kijacho, kabla hujanunua hata brashi moja naomba unisikilize kitu kimoja, maana ndo kinachorukwa na wengi. Watu wanachora tumbo. Linachorwa likiwa kubwa, zuri, limefungwa utepe, mikono miwili juu yake kama zile picha za studio, alafu mtoto akishatoka basi, uchoraji umeisha, wakati kuwa mama ndo kwanza kunaanza na mwili unakuwa umebadilika kuliko hata ulivokuwa mwezi wa nane. Mi naona picha ya tumbo peke yake ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo humu tunafanya doti. Kanga unaijua, inauzwa vipande viwili, kimoja unajifunga kingine unajitanda au unabebea mtoto. Sisi tutatayarisha vipande viwili vya saizi moja siku moja, cha kwanza unachora ukiwa mjamzito, cha pili kinakaa kitupu ukutani kikikusubiri mpaka ujifungue. Tofauti ni kwamba vya dukani vinafanana na vyako havitafanana, na hiyo tofauti ndo picha yenyewe.

Huhitaji kuwa unajua kuchora. Kweli kabisa.

Vifaa, na vitu vya kukaa navyo mbali

Chukua akriliki au rangi za maji. Zote zinachanganywa na maji, hazina harufu ya kukupandisha kichefuchefu na brashi inaoshwa kwa sabuni ya kawaida. Rangi tano zinakutosha: nyeupe, njano iliyopoa (ile ya udongo), nyekundu, bluu iliyokolea na kahawia nzito. Nyeusi achana nayo kwanza, ntakwambia kwa nini. Brashi tatu, moja bapa pana, moja ya kati, moja nyembamba. Sahani ya plastiki ya kuchanganyia, kopo mbili za maji, kitambaa chakavu, imeisha hiyo.

Sasa vya kukaa navyo mbali. Rangi za mafuta zinazotaka tapentaini au thina, ziache mpaka umalize kunyonyesha. Najua wengi tumekua tunaona Tingatinga na tunadhani ndo uchoraji wenyewe, na ni kweli Edward Saidi Tingatinga alianza pale Dar mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi na hadi leo wanaomfuata wanatumia rangi zinazong'aa za mafuta, lakini ule mvuke wake sio wa mtu mwenye mimba, hasa kwenye chumba kimoja chenye dirisha dogo. Spreyi zote pia hapana. Chaki za rangi zinazotoa vumbi hapana. Rangi za zamani zilizobaki kwenye makopo ya fundi hapana kabisa, maana rangi nyingi za mafuta zilikuwa zinawekwa madini ya risasi, na risasi ikiingia kwenye damu ya mama inavuka kondo na kumfikia mtoto, WHO (Shirika la Afya Duniani) wenyewe wanasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwenye akriliki za wachoraji angalia tyubu isiwe imeandikwa kadimiamu wala kobalti, seti za bei ya chini za wanafunzi mara nyingi hazina hayo madini, kwa hiyo kwa safari hii cha bei rahisi kinakufaa zaidi.

Na usilambe brashi ili ichongoke. Hiyo tabia wanayo hata wachoraji wazima.

Kama hela ya rangi haipo, bado unachora. Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa 1928 na kusoma sanaa Makerere, alikuja kujulikana kwa picha alizotengeneza kwa kukata na kubandika vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga. We una pakiti za unga wa lishe, maboksi ya dawa za kuongeza damu, karatasi ya kufungia sabuni ya mtoto, gundi ya mbao iliyoongezwa maji kidogo na mkasi. Kadi ya kliniki usiikate jamani, toa kopi.

Kutayarisha vipande viwili

Nenda duka la vitambaa ulizia marekani, ule mgumu kidogo, mita mbili zinatosha na chenji inabaki. Kata vipande viwili vinavyolingana, mi napenda sentimita 60 kwa 80 maana mwili unaingia bila kubanwa, lakini kama nyumba ni ndogo 40 kwa 50 sio mbaya. Fundi seremala akutengenezee fremu mbili za mbao nyembamba akuwambie na kitambaa kwa pini, au kama hutaki fremu gundishia kitambaa juu ya hadibodi. Kupiga msasa mwachie yeye, vumbi la mbao halina kazi kwako.

Alafu chukua gundi ya mbao, changanya na maji nusu kwa nusu, paka tabaka moja, iache ikauke usiku mzima. Kesho yake paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani tabaka mbili, ya kwanza ukivuta brashi kwa urefu, ya pili kwa upana. Hakikisha kopo limeandikwa halina risasi, dirisha wazi, na kama harufu inakusumbua mpe mtu mwingine apake we ukakae nje.

Vyote viwili vitayarishe siku hiyo hiyo. Usiseme cha pili ntafanya baadae, baadae utakuwa na mtoto begani na hutajua hata gundi ulitupa wapi.

Kujiangalia kabla ya kuchora

Hapa usiharakishe. Tafuta kioo kirefu, kama huna weka simu juu ya kiti usawa wa kitovu chako, sio usawa wa uso, we simama hatua tatu nne mbali, weka taima ipige. Selfi ya mkono inadanganya, kilicho karibu na kamera kinavimba na miguu inapotea, utajikuta unachora kosa la lenzi unasema ndo mwili wangu.

Dirisha liwe pembeni yako, kushoto au kulia. Mwanga wa mbele unalibapaza tumbo, wa pembeni unalionyesha uviringo wake na upande mmoja unaingia gizani vizuri.

Kaa au lala ubavu, mto katikati ya magoti. Kuanzia kati ya ujauzito kulala chali muda mrefu sio vizuri, uzito wa tumbo unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo na unaweza kupata kizunguzungu, kwa hiyo zile pozi za kulala chali kitandani ziache. Kuna picha ya Alice Neel wa Marekani, aliyeichora 1978, ya Margaret Evans akiwa anabeba mapacha, amekaa wima kabisa kwenye kikiti kidogo, mikono imeshika kiti pembeni, tumbo limejaa mbele na nyuma yake kuna kioo kinachomwonyesha kwa upande mwingine. Anakutazama macho makavu. Hakuna tabasamu la kadi ya pongezi hapo, kuna mtu anayejizuia asianguke. Ukikosa pozi jaribu hilo la kiti, linapumzisha mgongo na linakulazimisha uangalie uzito umekaa wapi.

Ukishakaa, chukua penseli na daftari la kawaida, chora michoro midogo midogo bila kufuta. Usianze na uso. Anza na mstari wa mgongo jinsi ulivyopinda, alafu tumbo, alafu uone miguu imeachana kiasi gani ili usianguke. Uso wako unaujua sana ndo maana unakuharibia picha, utatumia saa nzima kwenye pua na mimba itabaki kama mpira umebandikwa.

Tukiwa hapo hapo kwenye kujiangalia: miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida na inachoreka vizuri, ila ukiona uso na mikono imevimba ghafla, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au nyota nyota, weka penseli chini uende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukitoka damu au mtoto akipunguza kucheza.

Kipande cha kwanza: pindo, mji, jina

Wengi wanakwama hapa kwa sababu kitambaa cheupe ni kikubwa na mawazo ni mengi. Tumia mpangilio wa kanga yenyewe. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina lile la maandishi. Igawe picha yako hivyo hivyo.

Mji ndo mwili wako. Uanze kwa rangi moja tu, kahawia iliyolegezwa na maji mengi, paka umbo zima kwa brashi pana kama kivuli, bila macho bila vidole. Rudi nyuma uangalie. Kama tumbo limekaa juu sana au dogo, futa kwa kitambaa chenye maji kabla halijakauka, akriliki inakauka haraka hasa Dar mchana kwa hiyo usiende kupika kwanza.

Na ni mwili upi? Hapa ndo pa kufikiri. Unaweza kuchora unavyoonekana, lakini pia unaweza kuchora unavyojisikia, na mi nakusihi ujaribu la pili. Miezi mitatu ya mwanzo tumbo halionekani lakini kichefuchefu kipo, harufu ya vitunguu inakufukuza jikoni, usingizi unakuangusha saa kumi jioni, sasa hiyo utaichora vipi kama unangoja tumbo litokee? Mdomo mkubwa kuliko kichwa. Kitanda kinachommeza mtu. Limau la ukubwa wa jua. Nani atakukataza?

Kuna Mjerumani, Paula Modersohn-Becker, mwaka 1906 akiwa Paris alijichora nusu uchi, shanga za kaharabu shingoni, mikono imelizunguka tumbo lililotokeza. Wakati huo hakuwa na mimba. Alikuwa amemwacha mumewe Ujerumani, alikuwa na miaka 30, na alikuwa anataka kuwa mchoraji kuliko kitu chochote, kwa hiyo alichora tumbo la kitu alichokuwa anakitarajia kwake mwenyewe, na mpaka leo watu wanabishana ni kitu gani. Ninachotaka uone ni kwamba tumbo kwenye picha halilazimiki kufuata wiki za kadi.

Huku kwetu nako wazee walishafika. Wamakonde wana barakoa za mwili, kiwiliwili cha mbao chenye matiti na tumbo la mimba, limechongwa na chale kuzunguka kitovu, na anayelivaa kwenye ngoma ni mwanaume. Hakuna kichwa, hakuna miguu, tumbo peke yake linabeba habari yote. Ukichora kiwiliwili bila uso hujakosea, una ukoo mrefu.

Pindo ni vitu vilivyokuzunguka miezi hiyo. Chora vidogo, virudierudie kama korosho za kwenye kanga: ndoo ya kutapikia, viatu visivyokuingia tena, foleni ya kliniki, mama mkwe anayepiga simu kila asubuhi, bajaji, udongo wa kula kama ndo ulikushika. Usiweke maua kwa sababu tu pindo linatakiwa maua. Kama kweli kulikuwa na maua, weka.

Jina utaandika mwisho. Maneno machache, ya kwako, sio methali ya dukani. Sentensi uliyoisema kweli. "Nimechoka msinishike tumbo" ni jina zuri kuliko yote ya baraka niliyowahi kuona kwenye picha za aina hii. Andika kwa penseli kwanza ndo upake, herufi zinakula nafasi kuliko unavyodhani.

Rangi ya ngozi, maana hapa wengi wanalia

Video nyingi za kufundisha zinachanganya ngozi ya watu weupe, ukifuata utatoka na rangi ya udongo wa mfinyanzi mgonjwa. Ngozi yetu anza na kahawia, ongeza nyekundu kidogo na njano kidogo mpaka ikaribie mkono wako, jaribu kwenye karatasi uiweke karibu na mkono. Kivuli usitumie nyeusi, inaua picha, inaonekana kama shimo. Weka bluu kwenye kahawia, kivuli kinakuwa kirefu na bado ni ngozi. Sehemu zenye mwanga usiongeze nyeupe tupu maana inakuwa na majivu, ongeza njano na nyekundu ziwe kama chungwa, alafu nyeupe kiduchu sana mwisho.

Tumbo la miezi ya mwisho limevutika, linang'aa kuliko mkono au shavu. Ule mng'ao una rangi ya mwanga wa dirishani, mara nyingi unavuta kwenye bluu, kwa hiyo mguso mmoja wa bluu nyeupe juu ya uviringo unatosha, ukiweka miwili inakuwa puto.

Ule mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni, upake kwa kahawia na bluu, brashi nyembamba, mkono mwepesi, na usiunyooshe kwa rula, wa kwako huenda umepinda. Michirizi ina njia mbili. Ya kwanza, chovya brashi kwenye rangi, ifute karibu yote kwenye kitambaa, alafu ivute juu ya ngozi iliyokauka. Ya pili naipenda zaidi: paka sehemu hiyo upya, na ikiwa bado mbichi ikwaruze kwa mkia wa brashi ili rangi ya chini itokee. Inatoka kama ilivyo kweli, kitu kilichopasuka taratibu kutoka ndani.

Kuhusu mkao wa kufanyia kazi: mwezi wa saba kuendelea meza inakuwa mbali na wewe kwa sababu tumbo limekaa katikati. Simamisha kipande kwenye kiti, we kaa kiti kingine, miguu juu ya kistuli. Nusu saa, inuka, tembea, kojoa, rudi kama unataka. Ukichoka wiki nzima usiguse, rangi haiozi.

Kama hutaki kuchora mwili, au hutaki watu wajue

Wapo ambao familia haitangazi mimba mpaka iwe kubwa, kwa kuogopa hasidi au kwa desturi tu, na wapo ambao dini yao wanaielewa kwamba sura ya binadamu haichorwi. Hamjaachwa. Chora bila kiumbe. Chora vyombo: chungu, mtungi, kifuu. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, ametumia maisha yake kufinyanga vyungu ambavyo vina shingo, kiuno na tumbo kama la mama na hajaweka jicho hata moja, ukiviona unajua. Au chora kanga iliyokunjwa kwenye begi la hospitali, kila wiki umbo lake likibadilika. Au mistari tu, kila siku mstari mmoja wa rangi ya siku hiyo, mtoto akianza kucheza, ambapo kwa wengi wa mimba ya kwanza ni kama wiki ya 20, unaweka nukta kila anapopiga. Mwisho wa mwezi unakuwa na kitu ambacho jirani ataona ni mapambo na we unajua ni nani anahesabiwa pale.

Na kuhusu kuchora juu ya tumbo lenyewe, kwa ajili ya picha za simu, kwa sababu naulizwa: rangi za akriliki sio za ngozi, tumia zile za kupakia uso watoto kwenye sherehe, jaribu mkononi siku moja kabla. Hina ya majani ya kawaida sawa. Piko nyeusi hapana, ile inakuwa na kemikali ya rangi ya nywele, PPD, inaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge, hina halisi inaacha chungwa mpaka kahawia na inachukua masaa, ikikushika nyeusi tii ndani ya muda mfupi jua imechanganywa.

Kipande cha pili

Wiki ya 36 hivi weka mambo tayari. Kata karatasi ngumu za manila saizi ya kadi ya posta, nyingi nyingi, weka kwenye kopo na seti ndogo ya rangi za maji na brashi mbili, weka kando ya kitanda juu kidogo. Baada ya kujifungua hutakuwa na mikono miwili. Utakuwa na mmoja, tena wa kushoto labda, na dakika tano. Kwa hiyo kipande kikubwa kisikutishe, kinalishwa na hizi kadi.

Chora kwenye kadi kinachokuwa mbele yako tu. Ndoo ya maji ya moto na kitaulo cha kukandia tumbo, ukilia kila bibi akikigusa. Bakuli la mtori au uji wa pilipili manga. Doa la maziwa kwenye dera. Saa ya ukutani saa tisa usiku. Tumbo ambalo halijarudi, laini, linaning'inia kidogo, kama bado linamtafuta mtu. Hili la tumbo tupu ndo nalikazania kwa sababu hakuna anayelichora, na mzazi akijiona vile kwenye kioo anadhani ni yeye peke yake.

Siku za mwanzo huzuni na kulia bila sababu zinawapata wengi na zinapita, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Zikizidi hapo, au hujisikii chochote kwa mtoto, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru yanakuja, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya. Kuchora kunasaidia kusema, hakutibu.

Na arobaini isikulaze kitandani moja kwa moja. Yule Paula niliyemtaja alirudiana na mumewe, akajifungua binti tarehe 2 Novemba 1907, akawekwa kitandani kwa siku nyingi kama ilivyokuwa kawaida ya madaktari wao, na tarehe 20 alipoinuka akafa kwa damu iliyoganda kwenye mishipa. Alikuwa na miaka 31. Kwa hiyo mama akikwambia usikanyage chini mwambie kwa heshima kwamba nesi amesema nitembee kidogo kidogo, na mguu mmoja ukivimba na kuuma au pumzi ikikata ghafla, hospitali mara moja.

Ukipata nguvu, ikiwa ni mwezi wa pili au wa sita, toa kipande cha pili ukutani. Tandaza kadi chini, chagua tatu nne ambazo ukiziangalia kitu kinakubana. Kaa pozi lile lile la kipande cha kwanza, kiti kile kile, dirisha lile lile, saa ile ile kama unaweza. Mtoto akiwepo mapajani sawa, asipokuwepo pia sawa. Mji ni wewe tena. Pindo ni kadi zako. Jina ni sentensi mpya.

Mtoto wa kuchora hatulii, kwa hiyo mchore amelala. Berthe Morisot, Mfaransa, mwaka 1872 alimchora dada yake Edma akimwangalia mwanae kwenye kitanda kilichofunikwa kitambaa chepesi cha wavu, na uzuri wote uko kwenye ule wavu. Sisi neti ya mbu tunayo kila nyumba. Ipake hivi: mchore mtoto kwanza, kamilika, akauke kabisa. Chukua nyeupe ilegeze kwa maji iwe kama maziwa yaliyoongezwa maji, paka pazia zima juu yake, akauke. Alafu brashi karibu kavu, nyeupe zaidi, vuta mistari ya mikunjo kutoka juu ilipofungwa. Sehemu mama alipoinua neti iache bila nyeupe. Mtoto anaonekana mbali na yuko karibu, na kwa mwezi wa kwanza ndo kama anavyokuwa.

Alama ya mguu wa mtoto watu wanaipenda. Usimpake akriliki. Weka mguu wake juu ya karatasi akiwa amelala, zungusha penseli laini, hamishia kwenye picha baadae. Rangi na maji machafu ya brashi weka juu, nawa mikono kabla ya kunyonyesha.

Kama kipande cha pili hakina mtoto

Wapo watakaosoma hapa na mimba yao ilitoka, au mtoto hakukaa. Cha kwanza usikifiche kama hutaki kukificha, na cha pili ni chako bado. Frida Kahlo wa Mexico alipoteza mimba Detroit mwaka 1932, akachora picha ndogo juu ya bati, yeye kitandani anavuja damu, mkononi ameshika utepe mwekundu uliogawanyika na kufunga vitu sita vinavyoelea: mtoto, konokono, nyonga, mashine, ua, kiwiliwili cha mfano. Njia hiyo inakubalika kwa mtu asiyeweza kusema moja kwa moja. Jichore katikati mdogo tu, zungushia vitu unavyovikumbuka vya siku ile, hata vya kijinga, feni, shuka la wodini, chupa ya chai aliyoileta shangazi, alafu unganisha kila kimoja na mkono wako kwa mstari mmoja wa rangi moja. Usimalize siku moja. Na jina sio lazima, pale chini panaweza kubaki peupe.

Kumalizia

Vipande vikikauka wiki nzima paka vanishi ya maji tabaka mbili, sio ya mafuta. Nyuma ya kila kimoja andika tarehe, wiki ya mimba au umri wa mtoto, na mahali ulipokaa. Kutundika, kanuni ni mbili: pembeni kwa pembeni bila kitu katikati, na mbali na jiko maana mvuke na mafuta yanashika vumbi. Ukitaka kuweka mtandaoni ni juu yako, ila kama mwili ni wako na uso unaonekana, muulize mwenzio kabla, na fikiria huyo mtoto akiwa na miaka 15 darasani. Wengine wanaweka cha kwanza tu hadharani na cha pili kinabaki chumbani, mi sioni ubaya. Fremu ya fundi ikianza kupinda kwa unyevu wa masika, bandika kipande cha mbao nyuma kwa mshazari, itanyooka.